Yowe, Matawi na Gari Jekundu: Historia ya Kuzima Moto Singida

Kwa sehemu kubwa ya historia ya Mkoa wa Singida, moto umezimwa na watu wasiolipwa: majirani waliosikia yowe, mgambo wa kijiji, walinzi wa misitu, wafugaji na warina asali. Askari wa zimamoto mwenye sare, gari na king'ora amekuja baadaye sana, na hadi leo nguvu yake iko zaidi mijini kuliko vijijini. Kwa hiyo historia ya zimamoto mkoani humo haianzi na jengo la kituo. Inaanza na wajibu wa jirani, ambao kila utawala uliopita uliukuta, ukautumia na kuuandikia kanuni.

Sababu ya wajibu huo kuwa mzito ni hali ya nchi yenyewe. Mkoa una eneo la takriban kilomita za mraba 49,000 na, kwa Sensa ya 2022, watu zaidi ya milioni 2. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi kitupu: nyasi hukauka, miti ya miombo hupukutisha majani, na upepo wa kusini mashariki huvuma juu ya uwanda kwa nguvu kiasi kwamba maeneo ya karibu na mji wa Singida yamepimwa kwa ajili ya mitambo ya kufua umeme wa upepo. Upepo huohuo ndio unaoufanya moto uliowashwa shambani asubuhi uwe umefika kijiji cha pili jioni.

Paa la udongo

Kinga ya kwanza ya moto katika nchi hii ilikuwa nyumba yenyewe. Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na Wakimbu walijenga tembe, nyumba ndefu ya chini yenye paa bapa. Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini, boriti hulazwa juu ya panda hizo, fito hupangwa zikibanana, kisha hutandazwa majani na kufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa. Kuta ni miti iliyokandikwa. Cheche inayopeperushwa na upepo ikitua juu ya paa la namna hiyo haina cha kushika. Paa la nyasi lingewaka lote kwa muda mfupi.

Hatari ilibaki ndani na pembeni. Ndani kulikuwa na jiko la mafiga, kuni na vilindo vya nafaka. Pembeni kulikuwa na uzio wa miiba uliokauka na nyasi zilizorundikwa kwa ajili ya ndama. Kwa sababu hiyo usafi wa kiwanja ulikuwa pia kinga: uwanja ulifagiliwa hadi ukabaki udongo mtupu, na magugu yaliyozunguka nyumba yalipaliwa kabla ya kiangazi kukolea. Majivu yenye makaa hayakutupwa penye upepo.

Kinga hiyo ilipungua tembe zilipoanza kuachwa. Nyumba za matofali ya udongo zilizoezekwa kwa nyasi zilienea katika karne ya 20, kisha zikaja za bati. Bati lenyewe haliungui, lakini huja na kenchi za mbao, dari, nyaya za umeme na mitungi ya gesi. Umeme ulipopelekwa vijijini na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya 2005, nyumba nyingi za mkoa zilipata mwanga na pia chanzo kipya cha moto. Ni moto ambao hauzimwi kwa ndoo ya maji kabla ya kukatwa umeme.

Wajibu wa yowe

Katika jamii nyingi za Tanzania ya kati na magharibi, yowe si kilio cha mtu mmoja. Anayelisikia hulipokea na kulipeleka mbele, na kila mwenye nguvu huchukua kilicho karibu na kukimbilia linakotoka. Yowe la wizi wa ng'ombe, la simba na la moto yote yana uzito mmoja: asiyefika ataulizwa, na asipokuwa na sababu atatozwa faini. Ndiyo maana hapakuwa na haja ya orodha ya wanachama wala ya mahali pa kukutania. Kikosi kilikuwa kijiji kizima.

Namna ya kuzima moto wa nyika ina ufundi wake. Chombo cha kwanza ni tawi bichi lenye majani mengi. Mzimaji hupiga chini na kukandamiza, kisha huburuta tawi kuelekea upande uliokwisha kuungua. Akiliinua juu kwa kasi hurusha cheche nyuma yake na kuanzisha moto wa pili. Watu hujipanga pembeni mwa moto na kuubana kuelekea mbele, kwa maana anayeukabili uso kwa uso penye upepo na nyasi ndefu hujiweka hatarini. Wengine hutangulia mbali, wakafyeka na kulima mkanda wa ardhi tupu, au wakawasha kwa uangalifu moto mdogo kuanzia kwenye njia au korongo ili moto mkubwa ukifika ukute nyasi zimekwisha. Kazi kubwa hufanywa jioni na usiku, wakati upepo umetulia na umande umeanza kushuka.

Moto wa nyumba ulikuwa na mpangilio mwingine. Watu hutolewa kwanza, kisha mifugo, kisha nafaka. Penye maji machache nyumba inayowaka huachwa iungue, na nguvu hupelekwa kwenye nyumba ya pili: paa la nyasi hubomolewa na kuvutwa mbali, au hulowanishwa kwa maji na kutupiwa mchanga. Busara hiyo ya kuacha kilichokwisha kupotea ili kuokoa kinachofuata ndiyo inayofundishwa hata leo katika vyuo vya zimamoto.

Kwingineko duniani wajibu wa namna hii uliwekwa kwenye vyama. Mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenzake waliunda mjini Philadelphia kikosi cha kujitolea kilichoitwa Union Fire Company, ambacho kila mwanachama alipaswa kuwa na ndoo za ngozi na mifuko ya kuokolea mali. Miji midogo ya Marekani ikafuata mfano huo, kila mtaa na nyumba yake ya zimamoto. Ujerumani ilipata vikosi vyake vya kujitolea katika miaka ya 1840. Chile iliunda cha kwanza mjini Valparaíso mwaka 1851, na mpaka sasa wazimamoto wake hawalipwi mshahara. Vyama hivyo vilihitaji nyumba kwa sababu vilikuwa na pampu, ngazi na mikokoteni ya kuhifadhi. Singida, ambako chombo kilikatwa kichakani na kutupwa kazi ikiisha, haikuwa na cha kuwekea nyumba.

Moto wa serikali na moto wa wananchi

Wajerumani waliweka ngome Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni ya leo, kisha boma Singida. Reli ya Kati ilipita Manyoni na Itigi ikafika Tabora mwaka 1912. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiweka Singida katika Jimbo la Kati na kuwatumia watemi na watawala wa jadi kutoza kodi, kusimamia kazi za umma na kudhibiti uchomaji wa nyika. Tanganyika ilikuwa na sheria maalumu ya kudhibiti moto wa nyasi, na ilidumu muda mrefu baada ya uhuru.

Hata hivyo serikali hiyohiyo ilikuwa mchomaji mkubwa. Katika vita dhidi ya mbung'o, mtafiti C.F.M. Swynnerton na idara yake ya utafiti mkoani Shinyanga walitumia moto wa mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ili kuua vichaka ambamo mbung'o hujificha. Ili moto huo uwe mkali ilibidi nyika ya maeneo makubwa ilindwe isiungue mapema, kisha ichomwe kwa siku iliyopangwa. Maelfu ya wananchi walihamasishwa kufyeka vichaka na kusimamia uchomaji. Kwa wenyeji somo lilikuwa na pande mbili: afisa wa misitu alisema moto ni adui, na afisa wa mbung'o alisema moto ni dawa.

Mfugaji na mkulima nao walikuwa na hesabu zao. Nyasi zilizochomwa mapema, baada tu ya mvua kukatika, huungua kwa madoa na kuacha miti hai, kisha huchipua majani laini kwa ng'ombe. Nyasi zilizochomwa Septemba huungua mpaka juu ya miti. Uchomaji wa mapema, ambao wataalamu wa misitu na wanyamapori wanautumia leo kama kinga, ulifanywa kitambo na wafugaji. Tofauti ni kwamba sasa unahitaji ratiba na kibali.

Si kila sehemu ya mkoa inaungua kwa namna moja. Kichaka cha Itigi, msitu mfupi uliosongamana magharibi mwa Manyoni, hakina nyasi nyingi chini yake, kwa hiyo moto wa nyika hufika ukingoni na mara nyingi kufa hapo. Lakini kikifyekwa kwa ajili ya mashamba au mkaa, nyasi huingia, na mahali palipokuwa ukuta panakuwa njia ya moto.

Balozi, mgambo na sungusungu

Singida ilifanywa mkoa mwaka 1963. Katika miaka hiyohiyo TANU ilianzisha mabalozi wa nyumba kumi, na balozi akawa mtu wa kwanza kuamshwa usiku nyumba inapowaka. Hakuwa na kifaa chochote. Alichokuwa nacho ni majina: alijua nani analala katika chumba gani, nani ni mgonjwa, nani ana mtungi au pipa la maji, na kisima kiko wapi.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilibadili umbo la hatari. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mashamba yake pembeni, zilikusanywa na kupangwa kwa mistari. Nyumba nyingi zilijengwa kwa haraka na kuezekwa kwa nyasi. Moto uliokuwa ukiishia katika kaya moja sasa ungeweza kuruka kutoka paa hadi paa. Lakini operesheni hiyo pia ilikipa kijiji serikali yake, mkutano mkuu wake na mgambo wake. Mbiu ya mgambo ikilia, moto ulikuwa mojawapo ya mambo ya kuitikiwa.

Mijini mambo yalikwenda vingine. Halmashauri zilivunjwa mwaka 1972 na mamlaka yakahamishiwa mikoani na wilayani, jambo lililozorotesha huduma nyingi za miji. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa, na pamoja nazo zikazipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo baada ya kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kifungu hicho, ambacho wakati huo hakikutazamwa kama jambo la zimamoto, ndicho baadaye kilichovipa vijiji vya Singida meno ya kupambana na moto wa misitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaingia jambo jingine kutoka magharibi. Sungusungu, waliozaliwa miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi kupambana na wizi wa ng'ombe, walienea hadi Iramba na wilaya nyingine za Singida. Walirudisha nguvu ya yowe: kila mwanaume mwenye uwezo alipaswa kushiriki doria, na aliyepuuza wito alitozwa. Penye sungusungu hai, moto wa usiku ulipata watu wa kuuzima kabla kiongozi wa serikali hajafika.

Mgori, 1995

Mahali ambapo kujitolea kulipangwa kwa uwazi zaidi ni Msitu wa Mgori, katika Wilaya ya Singida, mashariki ya mji. Ni msitu wa miombo wenye zaidi ya hekta 40,000. Serikali ilikuwa imekusudia kuutangaza kuwa hifadhi yake. Wakati huo ulikuwa ukiliwa kutoka kila upande na mashamba ya kuhamahama, ukataji wa miti na moto, na idara ya misitu haikuwa na watu wa kutosha kuulinda.

Mwaka mmoja kabla ya mpango wa Mgori, huko Duru-Haitemba wilayani Babati, vijiji vilikuwa vimekabidhiwa msitu wao na kuusimamia vyenyewe. Mtaalamu wa masuala ya ardhi Liz Wily, aliyeshiriki kazi hiyo, alihusika pia Mgori, ambako shughuli ilisaidiwa na mradi wa matumizi bora ya ardhi uliofadhiliwa na Sweden. Mwaka 1995 vijiji vitano, ambavyo ni Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, viligawana msitu kwa mipaka iliyokubaliwa, na kila kimoja kikatangaza sehemu yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleweka. Mkutano mkuu wa kijiji ulichagua kamati ya msitu. Kamati iliteua vijana wa doria. Sheria ndogo zilitaja kinachoruhusiwa, kinachohitaji kibali na kinachokatazwa kabisa, moto ukiwa miongoni mwa makatazo ya kwanza. Walinzi hawakuwa na mshahara. Malipo yao yalikuwa kusamehewa baadhi ya kazi za pamoja za kijiji na kupata sehemu ya faini zilizotozwa wavunja sheria. Kwa ujumla walinzi wa vijiji vyote walizidi mia moja, idadi ambayo idara ya misitu isingeweza kuiajiri kwa msitu mmoja.

Kilichoupunguza moto Mgori hakikuwa kifaa. Ni kwamba moshi ulipoonekana, palikuwa na kijiji ambacho sehemu ile ilikuwa mali yake, kamati ambayo ingeulizwa, na vijana waliozijua njia za msitu. Kabla ya hapo msitu ulihesabiwa kuwa wa serikali, na moto uliouingia ulikuwa wa serikali pia. Uzoefu wa Mgori na Duru-Haitemba uliingia katika Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo ilitambua rasmi misitu ya hifadhi ya vijiji. Sheria hiyo iliifuta ile ya kikoloni ya moto wa nyasi, ikaweka masharti kwa anayetaka kuchoma shamba au nyika, na ikawapa maofisa uwezo wa kuwaita watu walio karibu kusaidia kuzima moto. Wajibu wa yowe ukawa umeandikwa katika sheria ya nchi.

Warina asali

Manyoni na Itigi ni nchi ya asali, na hapo ndipo palipo na Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi. Kwa muda mrefu mrina asali alitajwa kati ya wasababishi wa moto. Mzinga wa gogo hutundikwa juu ya mti, na kwa desturi mrinaji hupanda usiku akiwa na mwenge wa nyasi au magome yanayofuka. Cheche zikidondoka penye majani makavu, naye akiwa juu ya mti na nyuki wamemzingira, moto huwa umekwisha kutanda kabla hajashuka.

Suluhisho lilikuwa dogo: bomba la moshi. Ni kopo la bati lenye kifuko cha kusukumia hewa. Makaa hubaki ndani, moshi peke yake ndio hutoka. Pamoja na mavazi ya kujikinga na mizinga ya kisasa inayowekwa chini au kutundikwa kwa kimo cha kufikiwa, bomba hilo lilimwezesha mfugaji nyuki kurina bila moto wa wazi.

Baada ya hapo mfugaji nyuki alihama upande. Mizinga yake hukaa msituni mwaka mzima, na moto ukipita hupoteza mizinga, makundi ya nyuki na maua ya msimu unaofuata. Kwa hiyo vikundi vya ufugaji nyuki husafisha nyasi chini ya miti yenye mizinga, hulima mikanda kuzunguka manzuki, na huwa wa kwanza kufika moshi unapoonekana. Katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na katika misitu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, askari hufanya uchomaji wa mapema na kutunza barabara za moto. Lakini nje ya mipaka hiyo mlinzi ni mwenye mzinga.

Faya inakuja mjini

Vikosi vyenye magari vilianzia miji mikubwa, viwanja vya ndege na bandari. Vya mijini vilikuwa chini ya halmashauri za miji, manispaa na majiji, na ubora wake ulitegemea mfuko wa halmashauri husika. Mji wenye mapato ulikuwa na gari na wafanyakazi. Usio na mapato ulikuwa na gari bovu au haukuwa na kitu. Mavazi, mafunzo na hata viungio vya mipira ya maji vingeweza kutofautiana kati ya mji na mji.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007 ilikomesha mgawanyiko huo. Vikosi viliunganishwa kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, likiongozwa na Kamishna Jenerali na kuwa na kamanda katika kila mkoa. Askari wake hufundishwa katika chuo kilichopo Chogo, Handeni, mkoani Tanga. Neno uokoaji katika jina lake lina uzito: katika mikoa kama Singida, kazi za kila siku ni pamoja na kuwatoa watu na mifugo waliotumbukia visimani na vyooni, majeruhi walionasa katika magari barabarani, na wachimbaji waliofukiwa na vifusi. Jeshi pia hukagua majengo, vituo vya mafuta, shule na viwanda, na kutoa vyeti vya usalama dhidi ya moto.

Mji wa Singida una sababu zake za kuhitaji kikosi. Uko penye njia panda ya barabara kuu: moja kutoka Dodoma kwenda Mwanza, nyingine kwenda Babati na Arusha. Malori ya mafuta yaendayo Rwanda, Burundi na kanda ya ziwa hupita hapo, kisha hushuka mlima Sekenke wilayani Iramba, mteremko unaojulikana na kila dereva wa masafa. Mji pia una viwanda vingi vya kukamua alizeti. Mashudu na maganda ya alizeti yakirundikwa yakiwa na mafuta na joto, huweza kufuka ndani kwa ndani muda mrefu kabla ya mwali kuonekana, na moto wa namna hiyo hauishi kwa kumwagiwa maji juu. Rundo hufukuliwa na kutandazwa.

Manung'uniko yanayosikika zaidi katika miji ya Tanzania ni kwamba gari limefika likiwa halina maji. Hesabu yake ni hii. Gari lenye tangi la lita 5,000 hubeba maji sawa na ndoo 250 za lita 20. Likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi huisha kwa dakika 5. Baada ya hapo gari lazima lijazwe, na kasi ya kuzima moto hutegemea zaidi umbali wa mahali pa kujazia kuliko ustadi wa askari. Kwa sababu hiyo mabomba ya kujazia maji ya zimamoto barabarani ni sehemu ya kikosi sawa na gari lenyewe. Singida mjini maji ya bomba hutoka katika visima virefu, kama vile vya Mwankoko na Irao. Maziwa mawili yanayopakana na mji, Singidani na Kindai, yana maji mengi lakini ya chumvi, na chumvi hula pampu na mabomba yasiposafishwa kwa maji baridi baada ya kazi.

Umbali ndio kikwazo cha pili. Kutoka Singida hadi Manyoni ni takriban kilomita 120, na Itigi iko zaidi ya kilomita 40 mbele yake. Nyumba ya kawaida yenye dari na samani za kisasa huweza kuwaka chumba kizima ndani ya dakika chache. Gari linalotoka makao makuu ya mkoa haliwezi kuikuta. Kituo wilayani hupunguza umbali, lakini kwa kijiji kilicho ndani porini Mkalama au Ikungi, saa ya kwanza bado ni ya majirani.

Kujitolea baada ya jeshi

Matukio makubwa ya kitaifa ya miongo ya karibuni yameonyesha uzuri na hatari ya watu wanaokimbilia kwenye tukio. Mwezi Agosti 2009 wanafunzi 12 wa kike walikufa katika bweni la shule ya sekondari Idodi, mkoani Iringa, na mjadala uliofuata ulihusu mishumaa, madirisha yenye nondo na milango ya dharura. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka wakati watu wakichota petroli, na zaidi ya 100 walipoteza maisha. Somo la Msamvu linaihusu Singida moja kwa moja kwa sababu ya malori ya Sekenke: jirani anayekimbilia ajali ya tenki la mafuta anapaswa kuzuia watu wasisogee, kuzima mioto yote iliyo karibu na kupiga simu.

Upande wa pili ni Mlima Kilimanjaro, Oktoba 2020, ambako mamia ya watu, wakiwamo wanavijiji na wanafunzi wa vyuo, walipanda kusaidia kuzima moto kwa matawi na majembe. Upo pia mfano wa Bukoba, Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani. Wavuvi waliwahi kuifikia wakiwa na mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 walinusurika. Mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, alichukuliwa baadaye kujiunga na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imejaribu kuliweka hilo katika utaratibu. Inaweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Kwa kijiji cha Singida, kamati hiyo ndiyo mrithi wa balozi, mgambo na kamati ya msitu kwa pamoja. Jeshi la Zimamoto kwa upande wake hutoa elimu katika shule, masoko na mikusanyiko: namna ya kutumia mtungi wa kuzimia moto, kufunga mtungi wa gesi unaovuja, kutambaa chini ya moshi, na kutofungua mlango wenye joto.

Mahitaji ya kikundi cha kijiji si makubwa. Ni majembe, mapanga na vipigio vya moto mahali panapojulikana. Madumu yaliyojaa maji wakati wa kiangazi. Mikanda iliyolimwa kabla ya Julai kuzunguka makazi, shule na maghala. Kalenda ya uchomaji iliyokubaliwa katika mkutano mkuu. Na mtu aliyepewa jukumu la kupiga 114, namba ya dharura ya zimamoto isiyotozwa, akitaja kijiji, njia ya kufikia, kinachoungua, kama kuna watu ndani, na maji ya karibu yako wapi. Habari hizo tano humwezesha kamanda kuamua gari gani litoke na lijaze wapi, huku waliokwisha kufika wakiendelea kuubana moto kwa matawi.